Yanayomsubiri Padre

Jumapili nyingi katika vigango vya Urambo, mkoani Tabora, hupita bila misa, na hakuna anayeshangaa. Katekista hugonga rimu la gari lililoning'inizwa kwenye mwembe, waamini wakakusanyika, masomo yakasomwa, mahubiri yakatolewa, sadaka ikahesabiwa, matangazo ya ndoa yakarudiwa kwa mara ya pili, watu wakarudi majumbani. Anayefariki Jumatatu huzikwa Jumanne au Jumatano kwa sala za katekista huyohuyo, jumuiya ikiwa imekwisha kuchanga unga na kuni. Mtoto mchanga akizidiwa usiku, mkunga au jirani yeyote anaweza kummwagia maji na kumbatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Panapokuwa na hatari ya kifo, sheria ya Kanisa inamruhusu hata asiye Mkristo kufanya hivyo, mradi akusudie kile ambacho Kanisa linakusudia. Hata kwenye ndoa, kwa mafundisho ya Kanisa la Magharibi, bwana na bibi arusi ndio wanaopeana sakramenti. Padre yupo kulishuhudia agano lao kwa niaba ya Kanisa.

Yanayobaki ni machache. Misa husubiri. Kitubio husubiri. Mpako wa wagonjwa husubiri, ingawa mgonjwa mwenyewe pengine hana muda wa kusubiri. Vitabu vya seminari vina mengi ya kusema kuhusu maana ya upadre, lakini mtu akikaa kigangoni mwezi mmoja tu na kuangalia watu wanamwekea padre nini, na nini wanakimaliza wenyewe bila kumsumbua, atakuwa ameshika kiini cha somo.

Ukatoliki haukutangulia Urambo. Mji wa Mirambo, mtemi aliyewatoza ushuru wenye misafara ya Tabora na Ujiji na kupigana nao walipokaidi, ulimpokea kwanza mmisionari wa Kiprotestanti: Dk. Ebenezer Southon wa London Missionary Society, aliyefika mwaka 1879 na kufariki 1882 baada ya kujeruhiwa kwa risasi iliyofyatuka kwa bahati mbaya. Mwaka 1898 kazi ile ikashikwa na Wamoravian, na mizizi yao hapa ni mirefu. Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie huko Algeria mwaka 1868, walifika Tabora mwaka 1878 wakiwa njiani kuelekea maziwa makuu. Baadaye wakafungua makao Kipalapala, nje ya mji, kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Hapo Kipalapala, mwaka 1887, Askofu Livinhac alimwekea mikono Jean-Baptiste Charbonnier kuwa askofu. Miaka miwili baadaye wakalazimika kuondoka, uhusiano na Mtemi Isike wa Unyanyembe ukiwa umeharibika. Walirudi, na Kipalapala ikaja kuwa Seminari Kuu. Mapadre wanne wa kwanza Waafrika wa Tanganyika walikuwa wamekwisha kupewa daraja Rubya, Bukoba, tarehe 15 Agosti 1917.

Kwa hiyo padre wa Urambo ni jirani wa mchungaji wa Kimoravian, mwenye mke na watoto na shamba la kudumu. Kwenye misiba huketi mkeka mmoja, na watu wanaangalia. Swali la kwa nini huyu ameoa na yule hajaoa halihitaji kutafutwa hapa.

Siku ya padre kufika, pikipiki husikika tangu ng'ambo ya mbuga. "Tumsifu Yesu Kristo!" "Milele amina!" Wanawake hupiga goti kidogo, kama desturi ya Unyamwezi inavyotaka kwa mtu wa heshima, na mzee wa miaka sabini humwita "Baba" kijana mwenye umri wa mjukuu wake. Chai inachemka, lakini kabla ya chai kiti kimoja cha mbao hupelekwa chini ya mti, mbali kidogo na watu. Padre huvaa stola ya zambarau juu ya shati lenye vumbi la njia nzima, akaketi akiupa mstari mgongo nusu. Wanaosubiri kuungama husimama mbali kiasi cha kutosikia. Nimewahi kuona kwaya ikianza mazoezi wakati huohuo, kwa sauti kubwa kuliko mazoezi yanavyodai, na mwalimu wao hakuwaambia wapunguze. Ile ilikuwa adabu.

Kijiji ni mahali ambapo ng'ombe wa nani amekula mahindi ya nani hujulikana kabla ya jua kuzama. Aliyemloga nani, aliyeuza tumbaku kwa jina la nani, mimba ya nani, yote yana wasemaji wake. Katika mazingira hayo kuna mtu mmoja ambaye anayajua ya wengi kutoka midomoni mwao wenyewe, na haruhusiwi kuyatumia hata kwa kuyakonyeza. Akivunja wazi siri ya kitubio, hutengwa na Kanisa papo hapo, na kuondolewa adhabu hiyo ni mamlaka ya Kiti Kitakatifu. Haruhusiwi kuitoa mahakamani, wala kwa askofu, wala kuokoa maisha yake mwenyewe. Baada ya misa atakaa kwenye kikao cha kusuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba, na huenda mmoja wa wagomvi amemwambia ukweli saa mbili zilizopita. Atalazimika kusikiliza kama mtu asiyejua lolote. Katika wajibu wote wa upadre, huu naona ndio mzito kuliko hata useja, na ndio usioandikwa kwenye kadi za mialiko ya upadrisho.

Siku ya upadrisho yenyewe watu wa Tabora wanaijua vizuri. Shemasi hulala kifudifudi sakafuni wakati litania ya watakatifu inaimbwa. Askofu humwekea mikono kichwani bila kusema neno, na mapadre wote waliopo hufuata mmoja mmoja. Sala ya kumweka wakfu husaliwa, kisha huvikwa stola na kasula, viganja vyake vikapakwa krisma, akakabidhiwa patena na kikombe. Vigelegele havina kipimo. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya huduma na maisha ya mapadre ya tarehe 7 Desemba 1965, ulianza na jambo ambalo vigelegele hulifunika: kila aliyebatizwa anashiriki ukuhani wa Kristo, na padre hupewa daraja kwa ajili ya hao wengine. Kazi zake ni tatu, kufundisha Neno, kutakatifuza kwa sakramenti, na kuliongoza kundi, na zote anazifanya akiwa msaidizi wa askofu. Hana daraja la kujitegemea. Ndiyo maana mafuta anayobeba kwenye kichupa kigangoni hubarikiwa na askofu katika Misa ya Krisma, karibu na Pasaka, misa ambamo mapadre wa jimbo hurudia ahadi zao mbele ya waamini. Mafuta ya kichupa kile yakimgusa mgonjwa kwenye paji la uso na viganja, jimbo zima limeingia katika nyumba ya tope.

Mila ina macho yake, hata hivyo. Mnyamwezi wa zamani alimjua mtemi, ambaye afya yake na afya ya nchi vilikuwa kitu kimoja, na ambaye mvua ikichelewa aliulizwa yeye. Alimjua pia mfumu, mwenye kupiga ramli na kutoa dawa. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, lakini kiti kilichoachwa wazi hakikosi mtu wa kusukumwa akikalie. Padre mpya huletewa mbegu azibariki kabla ya mvua za kwanza, huombwa misa ya mvua, huombwa anyunyize maji kwenye bani la kukaushia tumbaku ili lisishike moto. Kanisa lina baraka za mbegu na mashamba, na hakuna ubaya kuzitoa. Kazi ni kubariki bani bila kugeuka mwenye dawa ya mabani.

Tofauti hujitokeza pale padre anapoanguka. Dawa ya mganga ina miiko, na mganga akiivunja, dawa huharibika; kila mtu analijua hilo. Sasa kama padre ni mlevi, au ana mtoto mahali, je, ndoa alizofungisha zinasimama? Waliobatizwa naye warudie? Swali hili niliwahi kulisikia likiulizwa kwa ukali kwenye mkutano wa jumuiya, na mwulizaji alikuwa na kila haki. Jibu la Kanisa lina umri wa miaka elfu moja na mia sita na zaidi, na lilitolewa Afrika: Augustino wa Hippo aliwakatalia Wadonati waliodai kwamba mhudumu mwovu huharibu sakramenti. Anayebatiza ni Kristo, akasema, mkono uwe wa nani. Sakramenti haiozi pamoja na padre. Kinachoachwa nusu mara nyingi ni upande wa pili wa fundisho hilo, kwamba padre huyo anadaiwa zaidi, kwa kuwa alichokishika hakikuwa chake. Waamini wanaofarijiwa kwamba ubatizo wao ni halali wana haki pia ya kusikia kwamba askofu ameambiwa.

Useja nao una uzito wa pekee katika nchi ya mizimu. Kwa mila, mtu huendelea kuwapo kupitia wajukuu wanaobeba jina lake na kumkumbuka katika tambiko. Asiyezaa ni kama moto uliozimwa. Mzazi anayempeleka mwanawe Seminari ya Itaga, kisha falsafa, kisha teolojia, anajua anachotoa, na baadhi ya akina baba wamekataa wazi bila kuogopa kuitwa wapagani. Kanisa la Magharibi linasema useja ni ishara ya moyo usiogawanyika na ya ufalme ujao. Ni kweli, lakini babu wa Usoke haridhiki na ishara. Kilichotokea ni kwamba watu wametafuta njia yao: watoto wengi wanaobatizwa hupewa jina la padre wao, na padre aliyekufa hutajwa kwenye misa za Novemba pamoja na marehemu wa kila ukoo. Teolojia haikuliagiza hilo. Ni Wanyamwezi waliokataa mtu wao apotee.

Fedha hazihitaji maneno mengi. Msimu wa tumbaku ndio msimu wa zaka. Malipo ya chama cha msingi yakichelewa, bati la kigango huchelewa. Kuku, karanga, mahindi na chupa za asali vinavyoletwa madhabahuni wakati wa matoleo ndivyo vinavyolisha nyumba ya mapadre. Sheria ya Kanisa inataka kila parokia iwe na kamati ya fedha, na inamtaka paroko atoe misa kwa ajili ya watu wake kila Jumapili bila kupokea chochote kwa nia hiyo. Paroko anayesoma mapato na matumizi mbele ya halmashauri hapendwi siku zote na wajumbe, lakini huchangiwa.

Mtemi alikaa mpaka kufa. Padre huhamishwa. Barua ya askofu ikifika, wazee hukodi gari kwenda Tabora kuomba aachwe, hasa kama alijenga, na Ulyankulu, ambako wengi waliokimbia Burundi mwaka 1972 waliyaanza maisha upya pamoja na imani waliyokuja nayo, kumzoea padre kisha kumpoteza huuma kipekee. Askofu huwasikiliza, huwapa soda, na barua haibadiliki. Nyumba ni ya parokia, gari ni la parokia, shamba ni la parokia. Anayeondoka hupakia vitabu, nguo na mbuzi wa kuagwa, ambaye kwa kawaida humwachia mtu.

Mrithi wake anaweza kuwa Msukuma, na wiki ya kwanza itapita katika utani, waamini wakimwambia kwamba Wasukuma hawajui kuhubiri bila kutaja ng'ombe. Kisha katekista wa kigango cha mbali atamjia na daftari lililokunjamana. Ameorodhesha wagonjwa wasiotoka ndani, ndoa ambazo mahari imekwisha lakini hazijafungwa, watoto waliobatizwa kwa hatari na bado hawajaingizwa kwenye kitabu cha parokia, na mzee mmoja aliyekaa miaka mingi bila kuungama ambaye sasa anasema yuko tayari, ila si na padre aliyeondoka.