Kinyago cha Dola Mbili

Oktoba ikiingia huku Marekani, vibaraza vya majirani hujaa mafuvu ya plastiki, na kwenye makundi yetu ya WhatsApp hurudi swali lile lile: hizi filamu za kutisha za zamani, mbona zote zinafanana? Nyumba moja nje ya mji. Usiku. Vijana wachache ambao hujawahi kuwaona popote. Muuaji aliyejifunika uso, hasemi, hakimbii, na bado anawafikia. Nimezipenda filamu hizi tangu enzi za kaseti za VHS, na naziheshimu kuliko nyingi zilizopewa tuzo. Ndugu msomaji, ukitaka kuzielewa usianze na damu. Anza na daftari la matumizi.

Nyumba ni moja kwa sababu kuhamisha watu na vifaa ni gharama. Vijana hawajulikani kwa sababu anayejulikana hulipwa vizuri. Uso umefunikwa, na nyuma ya kinyago anaweza kukaa mtu yeyote, leo huyu kesho yule, mtazamaji asigundue. Yalikuwa maamuzi ya watu wasio na fedha kabla hayajawa mtindo.

Twende kwanza Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania. Mwaka 1967 George Romero na wenzake walikuwa na kampuni ndogo ya kutengeneza matangazo ya televisheni. Watu kumi walichanga dola 600 kila mmoja, kazi ikaanza. Night of the Living Dead ilipokamilika ilikuwa imekula takriban dola 114,000, fedha ambazo studio kubwa za Hollywood zingezimaliza kabla kamera haijawashwa. Waliipiga kwa rangi nyeusi na nyeupe karibu na mji mdogo wa Evans City, kwenye nyumba ya shamba iliyokuwa ikisubiri kubomolewa, kwa hiyo waligongomelea mbao madirishani walivyotaka. Damu ilikuwa shira ya chokoleti. Miongoni mwa wafu waliotembea walikuwamo wakazi wa pale na baadhi ya watu waliotoa fedha.

Nafasi kuu alipewa Duane Jones, mwigizaji Mweusi. Romero alisema miaka yote kwamba walimchukua kwa sababu alifanya usaili vizuri kuliko wengine, na ndani ya filamu hakuna hata mtu mmoja anayetaja rangi yake. Lakini huo ulikuwa mwaka 1968. Mtu Mweusi anashika uongozi wa nyumba iliyozingirwa, anapigana usiku kucha, anabaki hai peke yake, halafu asubuhi kundi la Wazungu wenye bunduki waliokuja kuokoa watu linamfyatulia risasi likimdhania mfu. Romero alisimulia kwamba walikuwa barabarani wakiipeleka filamu New York kutafuta msambazaji, mikanda ya filamu ikiwa kwenye buti ya gari, waliposikia redioni kuwa Martin Luther King ameuawa. Kwangu mimi hakuna zimwi lililowahi kutengenezwa kwa mamilioni linalofikia dakika zile za mwisho.

Kuna jambo jingine kuhusu filamu hiyo ambalo huniuma kila nikilikumbuka. Msambazaji aliamua kubadili jina la awali, Night of the Flesh Eaters. Alama ya hakimiliki ilikuwa imeandikwa pamoja na lile jina la zamani, na bango jipya la jina liliwekwa bila alama hiyo. Sheria ya Marekani ya wakati ule ilikuwa kali: filamu iliyotolewa bila alama ilipoteza ulinzi. Kazi ya watu wale ikawa mali ya umma tangu siku ya kwanza. Kila mwenye mashine ya kunakili aliiuza, kila kituo cha televisheni kiliirusha, na walioitolea jasho hawakuwa na la kudai. Waliipata sifa, fedha wakazipata wengine.

Miaka kumi baadaye ikaja Halloween ya John Carpenter, na hapa kuna habari itakayowashangaza wengi wa pwani. Dola 300,000 hivi zilizoitengeneza zilitoka kwa Moustapha Akkad, Msiria aliyezaliwa Aleppo. Ndiye huyo huyo aliyetengeneza The Message, filamu ya mwaka 1976 kuhusu mwanzo wa Uislamu, ambayo Anthony Quinn anaigiza kama Hamza. Nyumba nyingi za Waislamu zimeitazama zaidi ya mara moja. Basi mtu yule yule aliyehangaika kuipigia The Message picha Morocco na Libya ndiye aliyemwamini kijana wa miaka thelathini mwenye hadithi ya yaya wa watoto anayewindwa na mtu wa kisu. Akkad aliuawa pamoja na binti yake Rima katika milipuko ya hoteli za Amman, Novemba 2005. Anastahili kukumbukwa kwa kazi zote mbili.

Walirekodi majira ya kuchipua mwaka 1978 huko South Pasadena, California, hadithi ikisema ni vuli Illinois. Ikabidi wapake rangi majani bandia, wayamwage barabarani, wakimaliza tukio wayakusanye tena kwenye mifuko ili yatumike kesho. Jamie Lee Curtis, aliyemcheza yaya huyo, alilipwa dola 8,000. Kinyago kilinunuliwa kwa chini ya dola mbili: kilikuwa sura ya mpira ya Kapteni Kirk wa Star Trek. Tommy Lee Wallace, mmoja wa watengenezaji, alikinyofoa nyusi, akapanua matundu ya macho na kukipulizia rangi nyeupe. Ndani yake mara nyingi alikuwa Nick Castle, rafiki wa Carpenter, kwa dola 25 kwa siku. Muziki aliutunga Carpenter mwenyewe, kwa mapigo matano ambayo baba yake alimfundisha utotoni kwa ngoma za bongo.

Uso ule mweupe unatisha kwa sababu haukuambii kitu. Ndiyo maana naishikia kinyongo Halloween II ya mwaka 1981, iliyokuja kutueleza kwamba muuaji ni kaka wa yule yaya. Muuaji asiye na sababu anaweza kusimama mbele ya mlango wako wewe. Mwenye sababu ana mgogoro wa familia yake, na wewe unaweza kwenda kulala.

Friday the 13th ya mwaka 1980 siipendi sana. Sean Cunningham alilipia tangazo la jina kwenye gazeti la Variety kabla skripti haijakamilika, na filamu yenyewe inaonyesha. Ninachoisifia ni muuaji wake: mama mtu mzima aliyevaa sweta, mwenye uchungu wa mwanawe. Kinyago cha mchezo wa magongo cha Jason, mwanawe huyo, wanachokivaa watoto kila Oktoba, kilisubiri hadi sehemu ya tatu, mwaka 1982.

The Texas Chain Saw Massacre ya mwaka 1974 ni jambo jingine kabisa. Tobe Hooper aliipiga Texas katikati ya joto la kiangazi, na Gunnar Hansen, aliyemcheza mwenye msumeno, alivaa nguo ile ile wiki baada ya wiki bila kufuliwa, maana ilikuwa moja tu na waliogopa itabadilika rangi. Wanaoilaani kwa damu nawaomba waitazame tena wakiwa makini: damu inayoonekana ni kidogo mno. Kinachokuumiza ni sauti ya mashine, jasho la kweli na macho ya mwigizaji Marilyn Burns. Waigizaji waliahidiwa sehemu ya faida. Filamu ikavuna mamilioni, wao wakaambulia hela ya kununulia chakula.

Filamu za mazimwi zina mtihani mgumu zaidi, kwa sababu kisu kinanunuliwa dukani ila zimwi lazima ulitengeneze. Roger Corman, aliyefariki Mei 2024 akiwa na miaka 98, alitoa mazimwi kwa fedha za mkate. Lile la It Conquered the World, mwaka 1956, lilikuwa fupi hata mwigizaji Beverly Garland akalidharau hadharani, wakalazimika kulirefusha. Nalipenda kwa huruma, ila haliogofyi. Val Lewton na mwongozaji Jacques Tourneur walikuwa wameshapata dawa mwaka 1942 kwenye Cat People: mwanamke yuko peke yake ndani ya bwawa la kuogelea, mwanga wa maji unacheza ukutani, na mahali fulani gizani kuna mnyama anayenguruma. Huoni zaidi ya kivuli. Sam Raimi alifika mbali zaidi na The Evil Dead, iliyorekodiwa Tennessee. Hakuwa na zimwi la kuonyesha msituni, basi akafunga kamera kwenye ubao, watu wawili wakaushika huku na huku wakakimbia nao kati ya miti. Zimwi likawa ni sisi watazamaji, tunaikimbilia nyumba.

Kwetu Tanzania pia njia hiyo ilipitiwa. Mussa Banzi alitoa Nsyuka na Shumileta miaka ya 2000, akiazima hofu kwa mizimu na majini badala ya muuaji wa kisu. Zitafuteni.

Na kwa sisi tulioko Marekani kuna kazi inayosubiri. Wale waliokulia kwenye vibanda vya video wanakumbuka sauti ya Lufufu akisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, wahusika wote wakiwa kinywani mwake. Night of the Living Dead ni mali ya umma kwa sheria ya hapa. Mwenye kipaji cha kusimulia anaweza kuichukua nzima, akaitia Kiswahili kuanzia makaburini hadi risasi ya asubuhi, akaitoa wazi bila kuomba ruhusa ya mtu. Nikimpata wa sauti, tafsiri ya mazungumzo nitaiandika mimi.