Vinywaji vya usingizi visivyo na melatonini

Vinywaji vya usingizi visivyo na melatonini ni vinywaji vinavyonywewa jioni au usiku kwa lengo la kumsaidia mtu kupata usingizi mapema au kulala bila kuamkaamka, lakini ambavyo havikuongezewa homoni ya melatonini. Kundi hili lina sehemu mbili. Ya kwanza ni unga wa viwandani unaokorogwa katika maji au maziwa, ambao huuzwa kwa makopo au pakiti ndogo. Ya pili ni vinywaji vya nyumbani kama vile chai ya mchaichai, maziwa ya moto na uji.

Katika mkoa wa Morogoro nchini Tanzania, vinywaji vya sehemu ya pili hupatikana kwa urahisi kwa sababu mimea na viungo vinavyohitajika hulimwa kwenye miteremko ya milima ya Uluguru. Unga wa viwandani hutoka zaidi nje ya nchi na bei yake ni kubwa ukilinganisha na ile ya majani ya uani.

== Melatonini na sababu za kuiepuka ==

Melatonini ni homoni inayotengenezwa na tezi pineali iliyo ndani ya ubongo. Giza likiingia, kiasi chake katika damu huongezeka. Mwanga ukirudi, hupungua. Kazi yake kubwa ni kuujulisha mwili kwamba usiku umefika. Kwa hiyo haifanani na dawa ya usingizi inayomlaza mtu kwa nguvu. Homoni hii ilitengwa mara ya kwanza mwaka 1958 na Aaron Lerner pamoja na wenzake katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kutokana na tezi za ng'ombe.

Nchini Marekani melatonini huuzwa kama kirutubisho cha kawaida, bila cheti cha daktari. Nchini Uingereza hutolewa kwa maagizo ya daktari. Mwaka 2017 watafiti wa Kanada walipima bidhaa 31 za melatonini na kukuta kwamba kiasi halisi kilitofautiana sana na kilichoandikwa kwenye lebo: nyingine zilipungukiwa kwa asilimia 83, nyingine zilizidi kwa asilimia 478. Takriban robo ya bidhaa hizo zilikuwa pia na serotonini, ambayo haikutajwa kwenye lebo.

Habari kama hizo ni moja ya sababu za watu kutafuta kinywaji kisicho na homoni. Wengine huamka na uzito wa kichwa baada ya kutumia melatonini, na wengine hawapendi tu kujiongezea homoni. Hata hivyo maneno "haina melatonini" hayana maana ya "haina madhara". Yanaeleza kitu kimoja kisichokuwamo, bila kusema chochote kuhusu vile vilivyomo.

Ikumbukwe pia kwamba Morogoro iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Tofauti ya urefu wa mchana kati ya Juni na Desemba haifiki saa moja, na jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima. Mwili wa mkazi wa huko hupata ishara ya giza kwa wakati ulio karibu uleule kila siku, isipokuwa pale taa kali, runinga na simu zinapoichelewesha.

== Vilivyomo katika vinywaji vya viwandani ==

Viambato vinavyoonekana mara nyingi ni hivi:

* Magnesi – madini yanayohitajiwa na misuli na neva. Mtu mzima huhitaji takriban miligramu 310 hadi 420 kwa siku kutoka vyanzo vyote.
* Glisini – asidi amino yenye ladha tamu. Majaribio madogo yaliyofanyika Japani yalitumia gramu 3 kabla ya kulala.
* Theanini – asidi amino inayopatikana katika majani ya chai. Katika bidhaa hizi hutengwa ili isiambatane na kafeini.
* Valeriani na kamomili – mimea iliyotumika Ulaya tangu kale kutuliza mwili.
* Ashwagandha – mzizi unaotumika katika tiba ya jadi ya Uhindi.
* Dondoo la ua la shauku (Passiflora incarnata) – mmea wa Amerika. Usichanganywe na pasheni inayolimwa Uluguru (Passiflora edulis). Mimea hiyo ni ya jenasi moja, lakini juisi ya pasheni si dawa ya usingizi.

Bidhaa nyingine huwa na juisi ya cheri chachu. Tunda hilo lina melatonini ya asili kwa kiasi kidogo, hivyo bidhaa yenye cheri haiwezi kusemwa kuwa haina melatonini kabisa. Vivyo hivyo maziwa huwa na chembe chache sana za homoni hiyo.

== Vinywaji vya jioni vya Morogoro na Uluguru ==

Milima ya Uluguru ni sehemu ya safu ya Tao la Mashariki, na vilele vyake vinazidi mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Morogoro uko chini yake, kwenye mita 500 hivi. Usiku wa mjini mara nyingi ni wa joto, lakini vijiji vya juu hupata baridi, na kinywaji cha moto kabla ya kulala kina kazi ya kupasha mwili joto hata kabla ya kufikiriwa kama dawa.

Mchaichai (Cymbopogon citratus) hupandwa kando ya nyumba na kwenye kingo za matuta, ambako pia husaidia kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Majani yake huchemshwa yakiwa mabichi au makavu. Pamoja na jina lake, mchaichai si chai: ni nyasi, na hauna kafeini. Lakini wengi huuchemsha pamoja na majani ya chai ili kuongeza harufu. Kinywaji hicho tayari kina kafeini na hakifai tena kuhesabiwa kuwa kinywaji cha usingizi.

Upande wa mashariki wa milima, katika maeneo ya Matombo, Mkuyuni na Kinole, wakulima hulima mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga. Viungo hivyo hupatikana pia katika Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini Morogoro. Mdalasini na iliki hutiwa katika maziwa au uji. Tangawizi nayo hupendwa, ingawa kwa mtu mwenye kiungulia inaweza kuuzidisha anapolala.

Upande wa magharibi, tarafa ya Mgeta inajulikana kwa mboga za baridi na kwa mbuzi wa maziwa wa asili ya Norwei. Mbuzi hao walipelekwa huko miaka ya 1980 kwa juhudi za Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wataalamu wa Norwei. Kwa familia yenye mbuzi, kikombe cha maziwa ya moto jioni si gharama ya ziada.

Uji wa ulezi, mtama au dona pia ni kinywaji cha jioni. Unga wa dona hubaki na sehemu kubwa ya magnesi ya mahindi, wakati sembe hupoteza sehemu hiyo pamoja na pumba na kiini. Karanga, mbegu za maboga, maharage na mchicha ni vyanzo vingine vya madini hayo. Mtu anayekula vyakula hivyo kila siku hupata mezani sehemu kubwa ya kile kinachouzwa katika kopo.

== Ushahidi wa kisayansi ==

Ushahidi wa vinywaji hivi kwa jumla ni mdogo.

Kuhusu magnesi, mapitio ya mwaka 2021 yalikusanya majaribio matatu yaliyohusisha wazee 151 wenye tatizo la kukosa usingizi. Waliopewa magnesi walipata usingizi mapema zaidi kwa wastani wa dakika 17 kuliko waliopewa dawa bandia. Waandishi wenyewe walieleza kwamba ubora wa majaribio hayo ulikuwa wa chini.

Kuhusu valeriani, chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2017, kilishauri isitumike kutibu tatizo sugu la kukosa usingizi. Mwongozo huohuo ulitoa ushauri kama huo kuhusu melatonini na triptofani.

Maziwa husifiwa kwa kuwa na triptofani, asidi amino ambayo mwili huitumia kutengeneza serotonini na kisha melatonini. Lakini kikombe cha mililita 250 kina miligramu 100 hivi tu, wakati majaribio ya usingizi yametumia gramu 1 au zaidi. Faida ya maziwa ya jioni huenda inatokana zaidi na kushiba na mazoea.

Kuhusu mchaichai, watafiti wa Brazili walitoa taarifa mwaka 1986 ya jaribio kwa binadamu. Chai ya mchaichai haikuonyesha uwezo wa kuleta usingizi wala wa kupunguza wasiwasi kuliko kinywaji cha kulinganishia. Haikuonyesha sumu pia.

Matokeo hayo hayaufanyi mchaichai usiwe na maana. Mtu anayebadilisha kikombe cha kahawa au chai ya rangi cha saa mbili usiku kwa kikombe cha mchaichai anaweza kulala vizuri zaidi, kwa sababu ameacha kafeini. Kafeini huchukua takriban saa tano ili nusu yake iondoke katika damu. Hivyo anayekunywa kahawa saa moja jioni bado ana nusu ya kafeini yake mwilini usiku wa manane.

== Tahadhari ==

* Ugonjwa wa figo: figo dhaifu hushindwa kutoa magnesi ya ziada, na kiwango chake katika damu kinaweza kufikia hatari. Mgonjwa wa figo asitumie unga wenye magnesi bila ushauri wa daktari. Hata kwa mtu mwenye afya, magnesi nyingi huleta kuhara.
* Dawa za kuua bakteria: magnesi huzuia doksisaiklini na siprofloksasini zisifyonzwe vizuri tumboni, hivyo zisinywewe kwa wakati mmoja.
* Ini na mimba: ashwagandha imehusishwa na madhara ya ini, na haishauriwi kwa wajawazito. Denmark iliipiga marufuku mwaka 2023.
* Kungumanga: kiungo hiki, kinacholimwa Zanzibar, hutiwa katika maziwa kwa imani kwamba huleta usingizi. Mkwaruzo mdogo ni kiungo cha kawaida. Gramu 5 au zaidi zinaweza kuleta kichefuchefu, moyo kwenda mbio na kuona maruweruwe.
* Kisukari: asali na sukari katika kinywaji cha jioni huhesabiwa kama sukari nyingine yoyote.
* Pombe na vidonge: pombe huleta usingizi wa haraka lakini huuvunja baada ya saa chache. Piriton ni dawa ya mzio ambayo baadhi ya watu huimeza ili walale. Kwa wazee huweza kuleta kuchanganyikiwa na kuanguka. Kinywaji chenye mimea ya kutuliza kisichanganywe na pombe wala vidonge vya usingizi.
* Wingi wa maji: kinywaji kikubwa kabla ya kulala humwamsha mtu kwenda haja ndogo. Kwa mzee anayeishi mlimani, mwenye choo nje ya nyumba, safari hiyo ya gizani ni hatari kuliko kukosa usingizi kwenyewe. Kikombe kimoja, saa moja au mbili kabla ya kulala, kinatosha.

== Namna ya kujaribu ==

Usingizi hubadilika wenyewe toka wiki hadi wiki, na matumaini peke yake yanaweza kuuboresha kwa muda. Kwa sababu hiyo usiku mmoja mzuri hauthibitishi kitu. Njia rahisi ya kupima ni kutumia daftari:

# Kwa wiki mbili za kwanza mtu haongezi chochote. Kila asubuhi anaandika saa aliyopanda kitandani, muda aliokadiria kabla ya kulala, mara alizoamka na saa aliyoamka.
# Kwa wiki mbili zinazofuata anakunywa kinywaji kimoja tu, kwa kiasi kilekile na saa ileile. Habadilishi jambo lingine.
# Wiki ya tano anaacha kinywaji na kuendelea kuandika.

Kama wiki ya tano haitofautiani na wiki za kinywaji, kinywaji hakikuwa sababu. Daftari hilohilo humsaidia daktari baadaye.

== Usimamizi nchini Tanzania ==

Hadi mwaka 2019 chakula na dawa vilisimamiwa na mamlaka moja, TFDA. Mwaka huo ikawa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na kazi ya kusimamia usalama wa chakula ikahamia Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Tiba za asili zinasimamiwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala chini ya sheria namba 23 ya mwaka 2002. Mnunuzi anapaswa kutazama lebo inayotaja kila kiambato na kiasi chake, jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi. Unga unaopimwa kwa kijiko kutoka kopo lisilo na lebo hauwezi kuhakikiwa.

== Wakati wa kumwona daktari ==

Kukosa usingizi mara tatu au zaidi kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu huhesabiwa kuwa tatizo sugu. Tiba inayopendekezwa kwanza ni ya mazungumzo na mabadiliko ya mazoea ya kulala, kama ilivyoshauriwa na chama cha madaktari wa tiba ya ndani cha Marekani mwaka 2016.

Kinywaji chochote kikichelewesha utambuzi wa ugonjwa kina hasara kuliko bei yake. Kukoroma sana na kukatika pumzi usingizini, kukojoa mara nyingi usiku, kushindwa kupumua ukiwa umelala chali, maumivu, au huzuni inayomwamsha mtu alfajiri kila siku, ni dalili zinazohitaji kipimo. Vituo vya afya vya kata ndiyo mahali pa kuanzia, na wenye matatizo makubwa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro.

== Tazama pia ==

* Usingizi
* Melatonini
* Mchaichai
* Milima ya Uluguru