Jina kubwa la hoteli Kigoma na gharama ya intaneti ya wageni

MAJINA makubwa ya hoteli duniani yamejikita zaidi Dar es Salaam, Arusha na Zanzibar. Katika Manispaa ya Kigoma Ujiji hoteli nyingi ni za wenyewe, zikipokea wafanyabiashara wa Burundi na Kongo, watumishi wa mashirika yanayohudumia wakimbizi, na watalii waendao kuona sokwe Gombe na Mahale. Mmiliki anayetaka kutumia nembo ya kampuni ya nje hukutana na gharama ambayo wengi huihesabu mwisho: Wi-Fi ya wageni na mitambo yake.

Chini ya mkataba wa aina hiyo, jengo na mkopo wa benki hubaki kwa mmiliki. Kampuni hutoa jina, mfumo wa kuhifadhi vyumba na masharti, kisha hulipwa asilimia ya mapato ya vyumba. Mara nyingi ada ya teknolojia hutozwa kando. Ada hiyo ni ya mifumo ya kampuni yenyewe. Haileti hata waya mmoja hotelini.

Malipo ya kutumia jina yanayokwenda kwa kampuni ya nje hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15. Mkataba usiposomwa vizuri, kodi hiyo huishia begani mwa mmiliki. Aidha, tangu kanuni za Machi 2025 zilipozuia bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni, mapato ya vyumba ni ya shilingi ilhali ada hizo kwa kawaida hudaiwa kwa dola.

Huduma yenyewe imesogea karibu. Kabla ya mkongo wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009, nchi ilitegemea setilaiti, ghali na ya polepole. Baadaye ulikuja Mkongo wa Taifa unaosimamiwa na TTCL, na Desemba 2024 ukazinduliwa mkongo unaopita chini ya Ziwa Tanganyika hadi Kalemie. Hata hivyo, mkongo kufika mjini si sawa na kufika mlangoni pa hoteli. Nani atachimba mtaro wa mwisho, na kwa fedha za nani, ni swali la kuulizwa kabla ya kutia saini.

Kiasi cha kununua hupatikana kwa hesabu rahisi. Hoteli ya vyumba 40 iliyojaa kwa asilimia 60 ina vyumba 24, tuseme wageni 36. Kila mmoja akiwa na simu na kompyuta, vifaa ni 72. Saa 2 usiku nusu yake vikitumika kwa pamoja, kila kimoja kwa megabiti 3 kwa sekunde, hitaji ni megabiti 108. Laini ya megabiti 20 iliyokadiriwa kwa mahitaji ya ofisi haitafua dafu, hasa ikiwa ni ile ya kugawana na wateja wengine.

Kuta nene za tofali hudhoofisha mawimbi, hivyo kifaa kimoja ukumbini hakitoshi. Lakini adui mkubwa zaidi mwambao huu ni radi. Waya wa shaba unaounganisha majengo mawili unaweza kupitisha mshtuko mmoja ukaunguza ruta na switchi zote. Ni afadhali kutumia nyuzi za mkongo kati ya majengo na kuweka nyaya za ardhi zilizopimwa. Betri za akiba nazo zinahitajika, ingawa mkoa ulianza kupata umeme wa Gridi ya Taifa mwaka 2022 baada ya miaka mingi ya jenereta za dizeli.

Mtandao wa wageni utenganishwe na wa mapokezi na malipo. Hoteli inayodai jina na namba ya simu kabla ya mgeni kuunganishwa hukusanya taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaitaka ijisajili kwenye Tume husika.

Mitambo ya shilingi milioni 30 ikikadiriwa kudumu miaka mitano, akiba ni shilingi 500,000 kila mwezi. Kampuni ikibadili viwango mwaka wa tatu, akiba haijatimia. Kifungu cha kujadiliwa kwa nguvu, basi, ni kile kinachoeleza ni mara ngapi viwango vinaweza kubadilishwa, na mmiliki atapewa miezi mingapi kuvitimiza.