Kituo cha Tathmini: Je, Wajua Kazi Yake?

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Humu madarasani mna wenzetu wanaoitwa wavivu, kumbe shida yao ni macho, masikio au kusoma maandishi kwa taabu. Nani wa kuwapima? Ni Kituo cha Tathmini na Nyenzo za Elimu, ambacho walimu hukiita EARC.

Vituo hivi vilianzishwa nchini Kenya mwaka wa 1984 kwa msaada wa Denmaki. Mwaka wa 1986 ikaundwa Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, ya kuwafunza walimu wa kazi hiyo. Mara nyingi kituo chenyewe huwa ni chumba tu katika uwanja wa shule ya msingi au karibu na ofisi ya elimu. Ndiyo maana twakipita bila kujua.

Kazi yao ni hivi. Mzazi humleta mtoto. Mwalimu wa kituo humwuliza mzazi: Mtoto alizaliwa vipi? Alianza kutembea na kusema lini? Kisha mtoto hupimwa macho na masikio, akapewa kazi ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Ikibidi hutumwa hospitalini kwa miwani au kifaa cha kusikia. Wengine hubaki katika shule zao na mwalimu akaelezwa la kufanya, kwa mfano kumketisha mbele. Wachache huelekezwa kwenye shule maalum. Mzazi naye hupewa ushauri, asije akadhani mtoto amerogwa au akamficha nyumbani.

Haya yatuhusu nini sisi wa sekondari? Yatuhusu sana! Baraza la Mitihani huweza kumpa mtahiniwa mwenye ulemavu karatasi ya maandishi makubwa, ya breli, au kumwongezea muda. Lakini huhitaji ripoti ya tathmini, na huihitaji mapema, watahiniwa wanaposajiliwa. Ukingoja hadi mwezi wa mtihani umechelewa. Tena si kuomba hisani, kwani Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mlemavu haki ya kusoma.

Shime wenzangu! Ukimwona jirani yako ananakili kutoka kwa daftari lako kila siku kwa sababu haoni ubao, usimcheke. Mwambie mwalimu wa darasa. Nanyi walimu wetu, kabla ya kushika kiboko, ulizeni kwanza: huyu amepimwa?