Siku Papa hakuhesabu baiskeli

Wiki hii niliombwa nieleze maisha yangu ya kila siku na mtoto wangu mdogo. Nilicheka. Nilisema, nieleze nini? Sisi wote tuna watoto. Sisi wote tunaamka mapema, tunafagia, tunachota maji, tunatwanga sombe. Lakini mama mmoja wa chama akaniambia: "Eleza hiyo hiyo. Na usisahau ile siku ya likelemba." Basi nitaeleza.

Mtoto wangu wa kiume ana miaka 4. Alipewa jina la baba yangu mzazi, kwa hiyo mimi namwita Papa, kama wengi wetu tunavyofanya. Hata nikimkaripia, namkaripia kwa heshima: "Papa, toa mkono kwenye sufuria!" Koko wake, yaani mama ya bwana yangu, anacheka kila mara. Anasema nimemzaa baba yangu, basi nivumilie.

Siku yake ya kawaida

Papa anaamka mbele ya wote. Anatoka ndani ya chandarua bila kukifunga nyuma yake, anawaachia mbu njia ya kuingia kwa dada yake. Anakuja jikoni, anachuchumaa karibu na moto na kuuliza kama makemba ya jana yamebaki. Yakiwa yamebaki, nayapasha moto, anakula na chumvi kidogo. Yakiwa yamekwisha, ananuna mpaka jua litoke vizuri.

Dada yake akienda masomo, Papa anamsindikiza mpaka barabarani, na hapo anaanza kazi yake. Mnaijua barabara yetu, ile inayotoka Kisangani kwenda Banalia na Buta. Tangu alfajiri baiskeli zinapita kuelekea mjini, zimebeba makemba, mihogo, makala na bido za mafuta ya mawese. Wenyewe wanazisukuma kwa miguu, kilomita kama 50. Papa anazihesabu zote. Anahesabu kwa Kiswahili mpaka tano, kisha anaendelea kwa Kifaransa alichosikia kwa dada yake. Sita haipendi, anairuka. Kwa hesabu yake, kumi inafika upesi! Ikifika anapiga kelele, mwenye baiskeli anageuka, wanasalimiana. Wengi wanamjua sasa. Wanamwita "mtu wa baryere", kwa maana hakuna anayepita bila kuhesabiwa.

Baadaye tunashuka kwenye chemchemi. Mimi nina bido ya lita 20, yeye ana kabido kake ka lita moja. Hakuna anayeruhusiwa kumbebea. Akifika nyumbani nusu ya maji imekwisha kumwagika kwenye miguu yake, lakini anamimina iliyobaki ndani ya mtungi kama mtu mzima aliyemaliza kazi.

Na njia nzima anauliza. Mto unalala wapi? Kwa nini kuku hana meno? Baba akifika Kisangani, nani anampikia? Mimi najibu mawili, matatu, kisha nachoka. Zamani nilikuwa nasema: "Papa, nyamaza kidogo, kichwa kinaniuma." Sasa sisemi tena hivyo, na sababu ni hii.

Siku ya likelemba

Ilikuwa Alhamisi, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Siku hiyo zamu ya likelemba ilikuwa yangu. Mnajua maana yake! Nilikuwa nimengoja miezi mitano. Pesa ile nilikuwa nimekwisha kuipangia kichwani: sare ya msichana, majembe mawili, na mbegu za karanga. Bwana yangu alikuwa amepeleka makemba Kisangani tangu Jumanne.

Asubuhi hiyo Papa aliamka nyuma ya dada yake. Makemba yalikuwapo, hakuyaomba. Nilimpa kipande, akakishika tu mkononi mpaka kuku akamnyang'anya. Nilidhani bado ana usingizi. Kwenye chemchemi alikaa juu ya mzizi, hakuuliza neno. Wakati wa kupanda kurudi, kabido akakaacha chini. Nilimwambia, "Papa, kabido kako." Alinitazama tu.

Nitasema ukweli: nilifurahi. Nilisema moyoni, leo ametulia, nitamaliza kazi mapema niende kwenye mkutano.

Tulipofika barabarani, baiskeli zilikuwa zinapita moja nyuma ya nyingine. Kijana mmoja akaita: "Mtu wa baryere, leo tuko wangapi?" Papa hakujibu. Aliketi chini, akaweka kichwa juu ya magoti. Hapo ndipo nilishtuka. Nilimgusa shingoni, nikakuta anawaka moto.

Sitawaficha kosa langu. Nyumbani kulikuwa na vidonge vilivyobaki wakati dada yake alipougua malaria. Nilivunja kimoja, nikampa Papa nusu. Nilimfuta na kitambaa chenye maji, nikamlaza karibu na Koko, nikasema: niende kuchukua pesa, nitarudi, jioni tutaona. Kabla sijatoka uani alikuwa amekwisha kutapika ile nusu ya kidonge. Hata hivyo nilienda.

Saa tisa ya mchana tulikuwa tunaanza kuhesabu pesa, mara mtoto wa jirani akaja mbio: "Mama, Koko anakuita. Papa ana ndege!"

Ndege

Wote tunajua ugonjwa tunaouita ndege. Mwili unakakamaa, mikono na miguu inatikisika, macho yanageuka meupe. Nilimkuta hivyo. Uwanja ulikuwa umejaa watu. Mama mmoja jirani, mwenye moyo mwema kabisa, alikuwa anasema: "Msimpeleke kwa sindano. Mtoto wa ndege akichomwa sindano anakufa. Tutafute kwanza dawa ya majani." Mwingine, nyuma, akasema kwa sauti ya chini: "Isiwe ule ugonjwa wa Banalia."

Watu wote walinyamaza, kwa sababu wote tunakumbuka. Mwezi wa Septemba 2021 serikali ilitangaza mlipuko wa meningiti, homa ya uti wa mgongo, katika teritwari yetu ya Banalia. Siku ile ya kutangaza, wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 261, na kati yao 129 walikuwa wamekwisha kufa. Karibu nusu yao. Ugonjwa wenyewe unaanza na homa na kichwa kuuma, kisha shingo inakuwa ngumu. Ukiangalia mwanzo wake tu, unaweza kusema ni malaria ya kawaida, ukabaki nyumbani.

Nilimtazama Koko. Nilidhani atakubaliana na majirani, kwa sababu yeye ndiye mkubwa wetu, na dawa za majani anazijua kuliko wote. Lakini Koko alikuwa amekwisha kumgeuza mtoto ubavu, ili mate yasimzibe. Alisema polepole: "Mimi nilizika mmoja kwa sababu ya kungoja. Alikuwa na miaka mitatu. Lete kikwembe."

Niko katika ndoa miaka 9. Sikuwa nimesikia hata siku moja habari ya mtoto huyo. Bwana yangu naye, nilipomuuliza baadaye, hakuijua.

Kijana mmoja alitupakia kwenye pikipiki yake, Papa akiwa katikati yetu. Matope yalikuwa mengi, mara mbili tulishuka na kutembea. Kutikisika kulikoma njiani, lakini Papa hakuzinduka.

Maswali ya muganga

Kwenye kituo cha afya muganga aliniuliza: "Ilianza lini?" Nilishangaa namna nilivyoweza kujibu. Nilimwambia: kwa kawaida anaamka mbele ya wote, leo amechelewa. Kwa kawaida anaomba makemba, leo hakula. Hakubeba kabido kake. Hakuhesabu baiskeli. Nilimwambia pia habari ya nusu ya kidonge, kwamba aliitapika. Niliona haya, lakini nilisema. Hakunigombeza. Aliandika yote, akauliza jina la dawa.

Alimgusa shingo, akaiinamisha mbele: ilikuwa laini. Akamchoma kidole, akapima damu. Malaria, tena malaria kali. Akamtundikia maji yenye sukari, kwa sababu sukari ya damu ilikuwa imeshuka, kisha akamchoma sindano ya artesunate. Koko alikuwa ameshika mguu wa mtoto wakati sindano inaingia. Hakugeuza macho.

Baadaye nilimuuliza muganga juu ya yale maneno kwamba sindano inaua mtoto wa ndege. Alinieleza vizuri. Kutikisika kunaletwa na ugonjwa wenyewe, malaria ikipanda mpaka kwenye ubongo, au homa ikizidi, au sukari ikishuka. Wazazi wengi wanangoja siku mbili, tatu, kisha wanamleta mtoto akiwa amekwisha kuchoka kabisa. Anachomwa sindano, anakufa saa hiyo hiyo. Watu wanaona sindano, wanaona kifo, wanaunganisha. Zile siku tatu za kungoja hakuna anayezihesabu.

Usiku wamama wa likelemba walifika, na taa mkononi. Walikuwa wamemaliza kuhesabu bila mimi. Waliniletea zamu yangu yote, haikupungua hata franka moja, pamoja na uji wa Koko. Pesa ile ndiyo iliyolipa matunzo. Sare ilingoja.

Usiku ule sikulala. Niliongea na Papa njia nzima ya usiku: nilimwambia mto unalala wapi, nilimwambia kwa nini kuku hana meno. Kulipopambazuka alifungua macho, akaomba maji. Alikunywa, hakutapika. Kisha akaniuliza: "Mama, kabido kangu kako wapi?"

Nililia sana. Koko hakulia. Alifunga kikwembe chake akaondoka, na jua lilipopanda akarudi na kabido mkononi.

Bwana yangu aliingia siku hiyo hiyo. Alikuwa njiani anarudi, akakutana na baiskeli zinazoelekea mjini, wakamwambia: "Mtu wa baryere ni mgonjwa." Hakupumzika tena mpaka alipofika.

Tuliyokubaliana katika chama

Tumezungumza jambo hili katika mkutano, na haya ndiyo tuliyokubaliana kukumbushana.

Kwanza, kila mama aijue siku ya kawaida ya mtoto wake: anaamka saa ngapi, anakula nini, anapenda kucheza nini, anaongea namna gani. Mtoto mdogo hawezi kusema "nina malaria". Anaacha tu mchezo wake. Na mtu anayebaki naye, awe koko, dada au baba, aijue siku hiyo pia.

Pili, mtoto akiwa na homa apimwe damu siku ile ile, isipite siku moja. Mbu anayeleta malaria hauma watoto wa wengine tu. Duniani kote, ni Nigeria peke yake inayotutangulia kwa wingi wa wagonjwa wa malaria.

Tatu, kuna dalili ambazo ukiziona hungoji soko, mkutano wala bwana arudi: mtoto anashindwa kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, anatikisika mwili, analala bila kuamshika, au shingo yake inakuwa ngumu.

Nne, mtoto akitikisika, mlaze ubavu mahali asipoweza kuumia. Usimtie kijiko, kidole wala dawa kinywani. Mpeleke mara moja.

Tano, dawa ya mtoto imalizwe siku zote alizoambiwa, hata akiwa amepona na anakimbia. Tusiweke mabaki ya vidonge kwa ajili ya mwingine. Mimi niliweka, na nusu ile ilinipa moyo wa kwenda kwenye mkutano na kumwacha mtoto.

Sita, kila siku ya likelemba, kabla ya kumpa mwenye zamu, tutatoa kidogo na kuweka katika sanduku la wagonjwa. Safari hii Mungu alisaidia, ugonjwa uliangukia siku ya zamu yangu. Mwingine utamwangukia siku ambayo si zamu yake.

Papa sasa ni mzima. Asubuhi ya leo alihesabu baiskeli kumi, yaani tisa, kwa maana sita bado haipendi. Chandarua bado anakiacha wazi, tunagombana kila siku. Na katika mkutano uliopita Koko alisimama, akataja mbele ya wamama wote jina la yule mtoto wake aliyemzika. Wamama watatu walisimama nyuma yake, nao wakataja majina ya wao.

Alhamisi ijayo tutakutana tena saa tisa. Mwenye mtoto mdogo aje naye.