MISHIPA YA FAHAMU NA UGONJWA WA UKOMA



Siku moja, katika kijiji kimoja cha Mpanda, tulikaa kuzunguka moto baada ya darasa. Kaa la moto liliangukia mguu wa mzee mmoja. Sisi tulisikia harufu ya kuungua. Yeye hakusikia maumivu yoyote. Watu wakanong'ona kuwa amerogwa. Haikuwa hivyo. Mishipa yake ya fahamu ilikuwa imeharibika.

Mishipa ya fahamu ni nini?

Mishipa ya damu hupitisha damu. Mishipa ya fahamu hupitisha habari. Ubongo ulio kichwani ndio kiongozi wa mwili. Kutoka kwenye ubongo, uti wa mgongo hushuka ndani ya pingili za mgongo. Jozi 31 za mishipa ya fahamu hutoka kwenye uti wa mgongo. Jozi nyingine 12 hutoka kwenye ubongo, na nyingi huenda machoni, masikioni na usoni. Mishipa hii hugawanyika kama mizizi ya mwembe, mpaka ifike kwenye ngozi na misuli.

Je, umewahi kugonga kiwiko ukasikia kama umeme mpaka kidole cha mwisho? Uligonga mshipa wa fahamu. Hapo unapita karibu sana na ngozi.

Kazi yake

1. Hupeleka habari za joto, baridi, mguso na maumivu.
2. Huleta amri kwa misuli: shika jembe, inua mguu.
3. Huongoza kazi ambazo hatuziamrishi, kama kutoa jasho na kusaga chakula.

Mama akigusa sufuria ya moto, habari hukimbia mpaka kwenye uti wa mgongo. Amri hurudi mara moja: "Ondoa mkono!" Mkono huondoka hata kabla mama hajafikiri. Kwa hiyo maumivu ni mlinzi wetu. Asiye na mlinzi huungua na kukatwa bila kujua. Kidonda huoza, na mwisho hupoteza vidole.

Ukoma huharibu mishipa hii

Ukoma si laana, wala haurithiwi. Huletwa na vijidudu. Daktari Hansen wa Norway aliviona mwaka 1873. Huenea hasa kwa hewa, kwa kukaa muda mrefu karibu na mgonjwa asiyetibiwa. Dalili huweza kuchelewa miaka 5, hata 20. Vijidudu hushambulia mishipa ya kiwiko, ya goti, ya kifundo cha mguu na ya uso. Vidole hujikunja, mguu huburuta, jicho halifumbi.

Dalili ya kwanza mara nyingi ni baka kwenye ngozi. Baka hilo haliwashi wala haliumi. Mwambie ndugu yako afumbe macho. Gusa baka polepole kwa pamba. Akishindwa kuonyesha ulipogusa, mpeleke zahanati upesi, hata kama hana homa.

Dawa ipo

Dawa za ukoma hutolewa bure. Hunywewa miezi 6 au 12, kadiri mganga atakavyoeleza. Mgonjwa akianza dawa, baada ya muda mfupi haambukizi tena. Basi asitengwe. Ale na wenzake, alime na wenzake.

Lakini dawa huua vijidudu tu. Mshipa uliokufa zamani haufufuki kwa dawa hizo. Ndiyo maana kuchelewa ni hatari. Mkono ukianza kulegea au kufa ganzi, rudi zahanati siku hiyohiyo. Mshipa uliougua karibuni huweza kuokolewa.

Mwenye ganzi afanye hivi:

- Avae viatu shambani na nyumbani.
- Ashike sufuria kwa kitambaa.
- Asikae karibu na moto, wala kuchochea moto wa bani la tumbaku.
- Kila jioni akague miguu yake, ailoweke majini, kisha aipake mafuta.

Mzee wetu alikwenda zahanati, akamaliza dawa. Vidole viwili havikurudi. Vinane vilivyobaki bado vinashika jembe. Angekwenda mapema, angeshika kwa vyote kumi.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini maumivu huitwa mlinzi?
2. Utapimaje baka kwa pamba?
3. Katika kijiji chenu, watu husema nini juu ya ukoma? Je, ni kweli?