MAJUTO NI MJUKUU: Mzee aliyeivunja mbavu Ifakara, akaondoka siku ya Nane Nane

Na Mwandishi Wetu, Ifakara

MSOMAJI wangu, kama umewahi kuingia Ifakara msimu wa mavuno, wakati mpunga umeshatoka shambani na mifuko ya watu imeanza kutuna, basi utakuwa unavikumbuka vile vibanda vya video. Turubai jeusi, mabenchi ya mbao, joto la kukausha dagaa na jenereta linanguruma nyuma kama fisi mwenye njaa.

Siku za filamu za ngumi na mateke kibanda kilijaa vijana watupu. Lakini ukipita nje ukasikia kina mama wanacheka, wazee wanacheka na watoto nao wanacheka, hata kabla hujalipa kiingilio ulishajua kinachoendelea ndani. Mzee mzima King Majuto yuko kazini!

Halafu katikati ya utamu, jenereta linazima. Ebo! Watu wanapiga mbinja, wanatukana, wanadai hela yao. Na hapo hapo Kidatu, juu kidogo tu ya bonde letu, kuna mitambo ya megawati 204, na Kihansi kuna mingine ya megawati 180. Umeme ulipita juu kwenye nguzo ukienda mijini, sisi tunamsubiri Majuto gizani. Lakini hiyo ni kesi nyingine, tuiache.

Wiki hii nataka tuzungumze habari za huyu mzee. Kuchekesha kwake kila mtu anakujua. Mimi nataka tuangalie alilipwaje. Soma taratibu, maana mwisho wake unakuhusu hata wewe unayelima mpunga.

NI NANI HASA?

Jina lake la kwao lilikuwa Amri Athumani. Alizaliwa mwaka 1948 Tanga, na mambo ya kuigiza aliyaanza mwaka 1958, kitoto cha miaka kumi hivi. Hesabu mwenyewe: mpaka anafariki alikuwa ameshatimiza miaka 60 kwenye fani. Kuna watu wanastaafu kazi mara mbili kabla ya kufikisha hiyo!

Wakati anaanza hapakuwa na televisheni Bara. ITV na wenzake walikuja mwaka 1994. Kwa hiyo msanii wa kizazi chake alijifunzia jukwaani, mbele ya watu waliotoa hela yao mfukoni. Usipochekesha, unazomewa papo hapo. Hakuna cha kurudia picha wala kukata mkanda.

Vijana wa leo huenda hamjui, lakini zamani burudani ilikuwa pakeji. Miaka ya 1980 na 1990 ukienda kwenye onyesho la Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga, au TOT iliyoanzishwa mwaka 1992 chini ya Kapteni John Komba, kwa kiingilio kimoja ulipata ngoma, sarakasi, maigizo, vichekesho na taarab ya kukoma nayo. Watu wa Tanga, Dar, Morogoro, wote walilelewa na burudani ya namna hiyo. Mchekeshaji alikuwa anapanda baada ya ngoma, watu wamechoka, na kazi yake ni kuwaamsha.

KICHEKESHO HAKINA KARATASI

Sasa sikiliza. Vichekesho vya Kiswahili havikuzaliwa kwenye karatasi. Wasanii walikaa chini, wakapeana kisa: wewe mume bahili, wewe mke mkorofi, wewe mgeni aliyekuja kula na haondoki. Basi! Mengine yote ni kichwani. Anayejua kudaka anadaka, asiyejua anaaibika.

Hapo ndipo Majuto alipokuwa hatari. Alikuwa na uso unaosema kabla mdomo haujafunguka. Akitoa macho tu, kibanda kizima chali. Mzee mwenye ukali wa uongo, mzee mwenye tamaa, mzee anayejifanya mjanja halafu anatumbukia shimo alilochimba mwenyewe. Sote tunamjua mzee wa hivyo. Wengine ni wajomba zetu, wengine tunaoana nao.

Filamu za Kiswahili za video ziliposhika kasi miaka ya 2000, mzee hakuachwa nyuma. Kanda zikaja, CD zikaja, DVD zikaja. Huku kwetu nyingine zilipanda treni ya TAZARA kutoka Dar, zikashuka Ifakara, zikaendelea hadi Mlimba. Nyingine zilivuka mto Kilombero kwa kivuko kwenda Lupiro, Mahenge na Malinyi, zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na sabuni na betri.

Baadaye akaungana na kijana wake wa Tanga, Hussein Mkiety, yule Sharo Milionea. Mzee wa kizamani na kijana wa mapozi, raha tupu! Wakaonekana kwenye filamu, wakaonekana kwenye matangazo ya biashara. Bahati mbaya Sharo alifariki kwa ajali ya gari huko Muheza tarehe 26 Novemba 2012. Mzee akabaki, akaendelea kutuchekesha huku na yeye kafiwa.

SASA NJOO KWENYE NGAWIRA

Wajameni, mtu anayejulikana kuanzia Tanga mpaka Malinyi, sura yake ipo kwenye mabango na sauti yake ipo redioni, si angekuwa tajiri wa kutupwa?

Ng'o!

Nitakueleza kwa mfano wa mpunga, maana hapa Ifakara ndiyo lugha tunayoelewana. Kuna mkulima ambaye mwezi wa pili au wa tatu ukata umembana. Mtoto anatakiwa shule, mama mgonjwa. Anakuja bwana mmoja na pesa taslimu, anaununua mpunga ungali shambani, mbichi. Mkulima anapokea, anashukuru, anamwita mkombozi. Mwezi wa sita gunia linapanda bei, tena linajazwa lumbesa, na faida yote ni ya yule bwana. Mkulima anabaki kuhesabu malori.

Msanii naye ni hivyo hivyo. Anaitwa, anaigiza siku kadhaa, anapewa bahasha, anasaini karatasi ambayo hakuisoma. Karatasi hiyo inaweza kuwa inasema kazi yote imeuzwa moja kwa moja. Filamu ikiuzwa nakala elfu au laki, yeye alishamaliza. Tangazo likirushwa mwezi mmoja au miaka mitatu, yeye alishamaliza. Na juu ya hapo kuna wale wa kudurufu kanda usiku na kuziuza asubuhi. Sheria ya hakimiliki tunayo tangu mwaka 1999, lakini sheria haikusomei mkataba wakati wewe umeshika kalamu.

Mwaka 2018 mzee akaugua. Akalazwa, akapelekwa India kwa matibabu, akarudi. Serikali na wasamaria wema walisaidia, na hilo tuwashukuru. Lakini hapo ndipo watu walipoanza kuuliza: huyu mtu wa matangazo yote haya, mbona anachangiwa? Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo wa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kuipitia mikataba ya wasanii, ya King Majuto ikiwemo.

Mwezi Mei mwaka huo huo sisi huku tulikuwa tunashangilia daraja la mto Kilombero kufunguliwa, kivuko kikapumzika. Tarehe 8 Agosti 2018, siku ya Nane Nane, sikukuu ya wakulima, habari ikaja kutoka Muhimbili: King Majuto hatunaye. Akazikwa kwao Tanga. Nasema hivi: siku ya watu wanaolima wakala wengine, akaondoka mtu aliyelima kicheko wakavuna wengine.

TUACHE KULIA, TUJIFUNZE

Siku hizi kila kona ya Ifakara kuna kijana mwenye simu anayerekodi vichekesho. Vizuri sana! Vipaji vipo, na hata vibanda vya video havihitajiki tena. Lakini akija bwana mwenye bahasha, kijana wangu, uliza haya kabla hujasaini:

Kwanza, ananunua kazi hii moja, au ananunua na sura yako? Pili, ni kwa muda gani? Miezi sita ni miezi sita, ikizidi ulipwe tena. Tatu, itaonyeshwa wapi: redioni, kwenye televisheni, kwenye mabango, au kote? Nne, nakala yako ya mkataba iko wapi? Usikubali kuambiwa utaifuata kesho. Tano, nani mwingine ameisoma? Kama mwanasheria humuwezi, hata mwalimu wa jirani ni bora kuliko peke yako na njaa yako.

Akikasirika kwa maswali hayo, jua huyo ni mnunuzi wa mpunga mbichi.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Mzee Amri Athumani alibeba jina hilo akatuchekesha nalo miaka mingi, na sisi tukacheka bila kulifikiria. Sasa tulifikirie, ili anayekuja nyuma yake acheke na yeye.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.